Kusimama Katikati ya Kona

Hasira hasara, tulifundishwa shuleni kule Kanyigo, nami nilikubali kwa sababu mwalimu alikuwa na fimbo mkononi. Lakini mwaka wa sabini na sita niliishi miezi saba kwa hasira peke yake, na nawaambieni ilinitunza kuliko mume. Iliniamsha kabla ya jogoo, ikanitembeza kwa miguu kutoka Mkolani hadi karakana yetu ya Mkuyuni, ikaninyoosha mgongo kila nilipopita mbele ya wanaume walionipa jina la Dereva wa Birika. Mtu niliyemkasirikia aliitwa Venant. Alikuwa fundi mkuu, na alikuwa amenitendea jambo ambalo hata padri wangu sikumwambia, kwa kuogopa asije akanishauri nisamehe.

Mimi ni Specioza. Udereva nilijifunza Jeshi la Kujenga Taifa, kwenye malori, na nilipotoka nilikabidhiwa basi la zahanati. Lilikuwa basi kuukuu la abiria, limeng'olewa viti, likawekwa vitanda viwili, kabati la dawa, jokofu la mafuta ya taa kwa ajili ya chanjo, na tangi la maji nyuma tu ya kiti cha dereva. Tulizunguka nalo vijiji vipya vya ujamaa, pande hizi na ng'ambo ya ziwa, Sengerema, kupima wajawazito na kuchanja watoto.

Sasa, basi likiwa basi, abiria wanakaa mpaka nyuma na uzito unagawanyika. Hili letu lilipogeuzwa zahanati, uzito wote ulihamia mbele, juu ya yale matairi mawili yanayokata kona. Kwa hiyo waliolitengeneza walichukua pampu ya usukani kutoka lori lililopinduka, wakaifunga kwenye injini. Mafundi waliiita pawa. Mkanda unazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta, mafuta yanasaidia mikono. Bila pampu ile usukani ungehitaji watu wawili. Kwa pampu ile niliukata kwa kiganja kimoja huku nikimnyooshea mtu kidole kwa mkono wa pili. Na ukiukata mpaka mwisho, pampu ilipiga mluzi mwembamba. Mwanvua, nesi wetu, alizoea kusema, "Msikilizeni mwali wa Speso anavyoimba."

Mwanvua alikuwa wa hapahapa mjini Mwanza, binti wa fundi cherehani wa Kiislamu. Alikaa kando yangu juu ya kifuniko cha injini, amekunja miguu, akifuma vitambaa vya jokofu lake utadhani ni vya harusi. Sina dada. Nilikuwa na Mwanvua.

Mwezi wa tatu basi lilirudi karakana wiki nzima kwa matengenezo. Karakana yetu ilikuwa na amri mbili zilizopakwa rangi ukutani: dereva asifungue injini, na fundi asiendeshe gari nje ya geti. Nikaketi nje nikasubiri. Lilipotoka lilikuwa na matairi mapya mbele, mapana, ya lori. Siku zile tairi jipya lilikuwa kama mwezi mwandamo, watu walikuja kulitazama. Nilipanda, nikawasha, nikashika usukani. Ukagoma.

"Ndugu Venant," nikamwita, "mbona usukani umekuwa mzito hivi?"

Akaja akifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa kifua kipana, mikono kama michi, na alipenda ionekane. "Si unayaona matairi? Mapana hayo. Tairi pana linang'ang'ania ardhi. Utazoea."

"Na upepo? Naona yamelala."

"Upepo nimeupunguza makusudi. Njia za vijijini ni mawe matupu, unataka wajawazito warushwe?" Akawageukia wenzake. "Au mikono imechoka, Dada Speso? Ile mikono ya kumenya ndizi?"

Wakacheka. Nami nikacheka. Mengi ya mwaka ule nimesahau, lakini kwamba nilicheka sijasahau.

Kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli. Tairi pana kweli ni zito kukata. Tairi lenye upepo mdogo ni zito zaidi. Mtu mwongo kabisa hukamatwa upesi, lakini huyu alichukua ukweli wa matairi akafunika nao uongo wa pampu, nami nikamwamini. Siku tatu nililiendesha hivyo hivyo, nikajifunza tabia yake mpya. Likiwa linatembea, hata kwa mwendo wa kobe, tairi linaviringika na usukani unakubali, ingawa kwa jasho. Likisimama, tairi linajishikiza chini kama ng'ombe aliyekataa mnada. Nikaweka sheria yangu: nisikate kona gari likiwa limesimama, kamwe.

Siku ya nne tulivuka kwenda Sengerema.

Kwenye gati la ng'ambo, unaposhuka kivukoni unapanda mteremko wa mchanga, halafu kona kali kushoto, kwa sababu mbele yako kuna ghala la pamba. Nyuma ni ziwa. Nilipanda taratibu, nikaanza kukata mapema, nikivuta usukani kwa mikono yote miwili na kifua. Basi lilianza kugeuka. Nilikuwa nusu ya kona filimbi ilipolia.

Vijana wa leo hawajui filimbi ile. Saa kumi na mbili jioni bendera inateremshwa, na ikilia filimbi kila kitu kinasimama. Mwenye baiskeli anashuka. Mwenye mzigo kichwani anabaki nao. Gari linasimama palepale lilipo. Niliwahi kumwona mtu anatafuna mua, akasimama na mua mdomoni mpaka bendera ikakunjwa. Asiyesimama alilala ndani, na akitoka, watu walimsalimia kwa mbali.

Kando ya gati palikuwa na kibanda cha polisi na mlingoti. Nikakanyaga breki. Nikasimama katikati ya kona.

Bendera ilishuka polepole, kama desturi. Filimbi ya pili ikalia. Nikavuta usukani. Ulikuwa umeganda. Tangi lilikuwa limejaa mpaka shingoni, matairi mapana yamezama mchangani, na nisingeweza kurudi nyuma kwa sababu nyuma kulikuwa na lori la watu na kisha maji. Nikausimamia ule usukani kwa miguu, nikaning'inia nao. Huku nyuma honi zikaanza. Nikaongeza mafuta nikidhani likitembea tu litakubali, na lilitembea, lakini lilikwenda kule matairi yalikotazama, siyo kule nilikotaka mimi.

"Kata, Speso!" Mwanvua akapiga kelele. Alikuwa amesimama kushika kabati lake. "Kata! Kata!"

Tuligonga ukuta wa ghala. Si kwa kasi, mwendo wa mtu anayetembea. Lakini kabati la dawa liling'oka likamwangukia Mwanvua, likamvunja nyonga.

Kamati ilikaa baada ya wiki moja. Venant alileta karatasi aliyoisaini mwenyewe: usukani mzima, pampu nzima, matairi mapya. Ndugu Nkwabi, Katibu wa Chama wa tawi letu, mtu mwembamba aliyesoma kila neno kama anasoma katiba, aliisoma mara mbili. Kisha akaandika: ajali imetokana na udhaifu wa dereva. Leseni yangu ikaingia kwenye droo yake. Mimi nikapewa birika, nichemshe chai ya mafundi.

Nilikwenda kumwona Mwanvua hospitalini kila Jumapili. Nililia mbele yake mara ya kwanza tu. Alinishika kidole, kwa sababu mkono mzima hakuufikia.

"Shoga yangu, nilikuona," alisema. "Ulikuwa umening'inia kwenye ule usukani. Pale haikuwezekana. Mtu yeyote asingeweza. Akiniuliza mtu, ndivyo nitakavyosema."

Na kweli ndivyo alivyosema, kwa mama yake, kwa manesi, kwa mkwe aliyeanza kuuliza kama mke wa mwanawe atazaa na nyonga ile. Alirudi kazini na fimbo, akawekwa kwenye meza ya kuandika kadi. Hakunilaumu hata siku moja. Kila alipoulizwa kilichompata alijibu kwamba ilikuwa haiwezekani, na nikaona neno lile linamsaidia kutembea kama fimbo ilivyomsaidia.

Basi lilitengenezwa likarudi uwanjani, likakaa likingoja dereva mwingine. Siku moja namimina chai, Venant akalipanda kulipeleka mahali pa kuoshea. Alilizungusha likiwa linatembea, akakata usukani mpaka mwisho. Nikasubiri mluzi. Sikusikia kitu. Chai ikafurika kikombeni ikamwagikia mguuni, nami sikutikisika. Mwali hakuwepo.

Wiki mbili baadaye nilikuwa sokoni Mkuyuni, nanunua dagaa. Lori lililobeba magunia likaingia kichochoro chembamba, dereva wake akalikata kwa mkono mmoja, mwingine umeshika sigara. Na likapiga mluzi. Unaweza kubadilisha bodi, ukapaka rangi, ukafuta namba, lakini sauti ile ningeitambua hata kaburini. Nikamuuliza muuza dagaa lori ni la nani.

"Hilo? La shemeji yake Venant fundi."

Nikalipa dagaa wangu, nikaondoka. Mwenzangu, usiniulize kwa nini sikupiga kelele. Ningepiga kelele, kesho yake alfajiri pampu ingekuwa imerudi mahali pake, karatasi ingesema nzima, nami ningekuwa mzembe na mwongo pia. Halafu, nitasema kweli, sikutaka arudishe pampu. Pampu ilikuwa ndogo. Nilitaka asimame mahali niliposimama mimi, kila mtu akimtazama, usukani umeganda mikononi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nikanyamaza mpaka mwezi wa kumi.

Ukuta kwa ukuta na karakana yetu ilikuwa ofisi ya Chama, na mlingoti wake ulionekana vizuri kutoka uwanjani kwetu. Bendera yao iliteremshwa na Mzee Mayala, mlinzi, Msukuma wa Misungwi, mzee mwenye miguu iliyopinda na filimbi shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Shikamoo, Mzee Mayala."

"Malahaba, mwanangu. Umeniletea chai?"

"Nimekuletea. Hivi bendera mnateremsha saa kumi na mbili kamili, au mnakisia?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama. "Kwa ledio, mwanangu. Kwa ledio! Bendela ni bendela. Hata kama nimeumwa na nyoka, nitapiga filimbi kwanza."

Nikamwongezea sukari.

Kisha nikaandika barua kwa Ndugu Katibu. Niliandika kwa unyenyekevu mpaka kalamu ikaona haya. Nilikiri udhaifu wangu. Niliomba fundi mkuu, kwa ujuzi wake, atuonyeshe mbele ya kamati namna sahihi ya kuligeuza basi lile, ili akina mama wengine wanaofunzwa udereva wasije wakarudia kosa langu. Ndugu Nkwabi aliipenda. Aliisoma kwa sauti kwenye mkutano, akasema huo ndio moyo wa kujikosoa.

Venant naye aliipenda zaidi. Nilimjua. Alijua basi halina pampu, lakini alijua pia kwamba uwanja wetu ni changarawe ngumu iliyoshindiliwa, tangi ni tupu, na kwamba gari likitembea mikono yake inatosha. Hakukusudia kusimama popote. Angezunguka mara moja, polepole, bila kutulia, na angeshuka akijifuta jasho kwa madaha. Mimi nilikuwa nimeshalifikiri lile duara lake kwa miezi, hatua kwa hatua, na nilijua ni wapi ndani yake nilitaka filimbi.

Kamati ilipangwa saa kumi alasiri. Kuifikisha saa kumi na mbili ilikuwa kazi ya birika. Kwanza maji yalichelewa kuchemka, kuni zilikuwa mbichi. Halafu nikaleta sukari. Hapo mkumbuke sukari ilikuwa imeadimika mjini, watu walikunywa chai na chumvi, na mimi nilikuwa nimekusanya kilo nzima kidogo kidogo tangu mwezi wa nane. Wajumbe walipoona vijiko vinasimama vikombeni, hakuna aliyekumbuka basi. Walikunywa kikombe cha pili. Walikunywa cha tatu. Ndugu Nkwabi mwenyewe, mtu wa katiba, aliniomba nusu tu, mwanangu, nusu, nami nikajaza. Venant alikunywa vinne na kunisifu.

"Unaona, Dada Speso? Kila mtu na kipaji chake."

"Asante, Ndugu Venant," nikasema. "Ongeza."

Mwanvua alikuwa ameitwa kama shahidi. Alikaa kwenye benchi kando ya ukuta, fimbo magotini. Alininong'oneza, "Mbona umevaa kitenge cha Pasaka?" Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

Tulitoka uwanjani, watu kama arobaini, mafundi, wajumbe, makarani. Mimi ndiye niliyeonyesha njia, kwa heshima, maana ndiye mwanafunzi: aanzie getini, azunguke lile tangi la zege, akate kuelekea ukuta wa ofisi ya Chama, arudi. Venant akapanda. Akawasha. Akatoa kichwa dirishani.

"Akina mama, tazameni mikono!"

Alianza vizuri. Lazima niseme, alijua gari. Hakugusa usukani mpaka basi lilipoanza kuviringika, kisha akauvuta kwa mabega, ukakubali. Lilizunguka tangi. Lilianza kukata kuelekea ukuta. Nilikuwa nahesabu moyoni, na moyo wangu ulikuwa umetulia ajabu, kama wa mtu anayepepeta mchele. Redio ya ofisi ya Chama ikapiga mlio wa saa. Mzee Mayala akapiga filimbi.

Kila mtu akasimama. Ndugu Nkwabi alikuwa ameinua kikombe, kikabaki hewani. Mafundi wakakaza mikono mapajani. Mwanvua akajiinua kwenye benchi kwa fimbo yake, akasimama wima kadiri nyonga ilivyomruhusu.

Basi halikusimama.

Niliuona uso wake kwenye kioo. Alikuwa ameisikia. Mguu wake ulikuwa juu ya breki, nusu, naona bega lake linavyoshuka na kupanda. Alikuwa akitazama ukuta wa ofisi ya Chama mbele yake, hatua saba, na alijua kama mimi nilivyojua kwamba akisimama pale, kona imekatika nusu, hatausogeza usukani ule tena. Mtu asiyejua lolote kuhusu pampu angesimama bila kufikiri. Ni yule tu aliyejua haipo ndiye angeogopa. Akachagua kutembea. Bendera ikishuka, watu arobaini wamekauka, na basi likinguruma mbele yao polepole, likipita chini ya mlingoti wenyewe, likimaliza duara lake kwa aibu.

Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Naandika hivi nikiwa mzee wa kwenda kanisani, na sikifuti.

Filimbi ya pili ililia. Hakuna aliyesogea hata hivyo. Ndugu Nkwabi akaweka kikombe chini.

"Ndugu Venant," alisema. "Shuka."

Alishuka shati limemganda mgongoni. Mgambo wawili wa ofisi ya Chama walikuwa wameshapita getini.

"Hukusikia filimbi?"

"Nimesikia, Ndugu Katibu."

"Ukaona bendera?"

"Nimeona."

"Ukaipita."

Venant akatazama huku na huku. Sikutegemea itakuja upesi vile. "Ndugu Katibu, siyo dharau! Naapa siyo dharau! Gari hili likisimama katikati ya kona halikati tena. Halina pampu! Ningesimama ningevunja ukuta wa Chama. Pampu haipo!"

Mafundi wakatazamana. Ndugu Nkwabi alifungua jalada lake taratibu, akatoa karatasi, akaisogeza karibu na macho. "Hapa umeandika, pampu nzima."

"Niliitoa kwa matengenezo."

"Lini?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Mwezi wa tatu."

Kwa hiyo aliyasema kwa mdomo wake. Alipima mwenyewe palepale, kuwa mwizi wa pampu na kuwa adui wa bendera, akaona wizi ni nafuu. Ningeweza kuishia hapo. Ningekuwa mwanamke mwenye bahati kuliko wote Mwanza.

Lakini Ndugu Nkwabi alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa polepole. Alinigeukia.

"Dereva," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi saba mtu kuniita hivyo bila birika. "Wewe unalijua gari hili. Anayosema ni kweli? Bila hiyo pampu, likisimama katikati ya kona, haliwezi kukata?"

Jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa langu. Ndiyo, Ndugu Katibu, haliwezi. Hapo ningesafishwa. Mwanvua angesafishiwa neno lake. Nilifungua mdomo kulisema.

Nikamwona Venant anapumua. Alikuwa ananitazama kwa matumaini, mdomo wazi kidogo, anatikisa kichwa kunihimiza, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma. Alitaka nimwokoe. Kwa sababu ndiyo yangu ilikuwa ndiyo yake pia: kama gari halikati, basi hakudharau bendera, aliokoa tu ukuta, ni fundi aliyekosea karatasi. Angepewa onyo. Angekatwa cheo. Mwakani angekuwa ananicheka tena na kitambaa chake mkononi. Damu ikanipanda kichwani mpaka nikaacha kusikia watu.

"Linakata, Ndugu Katibu," nikasema. "Ni suala la mikono."

"Mwongo!" Venant akapiga yowe. "Speso! Unajua mwenyewe!"

"Niruhusuni niwaonyeshe."

Nilipanda na kitenge changu cha Pasaka. Nililirudisha mpaka palepale, hatua saba kutoka ukutani, kona imekatika nusu, nikasimama kabisa. Nikavuta breki ya mkono ili kila mtu asikie. Miezi saba usiku na mchana nilikuwa nimelifikiri hili tu, na nilijua la kufanya. Changarawe ngumu, tangi tupu, ardhi sawa. Nikaachia breki, nikaliacha lisogee shubiri moja, siyo zaidi, na ndani ya ile shubiri nikavuta kwa uzito wangu wote. Nikasimama. Nikaliachia shubiri nyingine. Nikavuta. Misuli ya shingo ilitaka kukatika, lakini tairi lilisogea, kisha likasogea tena, na mara ya sita pua ya basi ikaupita ukuta wa Chama kwa upana wa mkono.

Makofi yalilia uwanja mzima. Mgambo walimshika Venant mabegani. Hakupiga kelele tena. Alikuwa ananitazama tu, nami nilimtazama kutoka juu mpaka walipomtoa getini. Alikaa ndani wiki tatu, akafukuzwa kazi, na nilisikia aliishia kulima pamba kwa wajomba zake Geita. Sijamwomba mtu msamaha kwa hilo, na hapa pia siombi.

Nikashuka. Watu walinipa mikono. Mwanvua alikuwa amekuja mpaka karibu na mlango wa basi, peke yake, fimbo imezama kwenye changarawe. Nilimfungulia mikono nimkumbatie. Hakusogea.

Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama matairi, na alama zake pale chini, alama sita fupi, moja mbele ya nyingine.

"Kumbe lilikuwa linakata," alisema.

"Mwanvua."

"Miezi saba nawaambia watu haikuwezekana."

Ningemweleza. Kulikuwa na mchanga, na huku hapana mchanga. Kulikuwa na mteremko, tangi lililojaa, lori nyuma, maji nyuma ya lori. Maneno yote nilikuwa nayo, ya kweli yote. Lakini watu arobaini walikuwa bado wamesimama pale, nami nilikuwa nimetoka kuwaambia kwamba ni suala la mikono tu, na mgambo hawajafika hata barabarani.

"Speso," alisema, na sasa alinitazama. "Mimi nilikuwa nakuambia kata."

Kutoka mlangoni mwa ofisi Ndugu Nkwabi aliniita. Alikuwa amefungua droo, leseni yangu iko mezani, kalamu juu yake, niende kuisaini kabla hawajafunga. Mwanvua alikuwa ameshageuka, anatafuta mahali pa kuweka fimbo. Nikaenda kusaini.